Kuku wa shangazi, pua ya jirani: Somo la harufu kutoka Lindi, Kibera



Mtu wa Pwani akisikia jina Lindi, mawazo humpeleka kusini mwa Tanzania, kwenye mji wa bandari wenye minazi na upepo wa kusi. Lindi ninayotaka kuizungumzia leo haina bahari. Ni kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, na pia ni jina la wadi katika eneo bunge la Kibra. Nyumba zimebanana bati kwa bati, na kuna vichochoro ambavyo ukipita na ndoo kichwani, anayekuja mbele yako hana budi kujibana ukutani.

Huko ndiko anakoishi shangazi yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa na Mnubi miaka mingi iliyopita. Wanubi, kwa asiyewajua, ni kizazi cha askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, wakapewa ruhusa ya kukaa Kibera mapema katika karne ya 20. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za ardhi ya hapo. Shangazi sasa ni mjane. Ana vyumba viwili, kipande cha ua, na kuku 20 wa kienyeji walioboreshwa. Mayai ndiyo yanayomnunulia dawa za presha na unga. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya kuku hawa, tunazungumza juu ya riziki ya mtu.

Masika ya mwaka jana alinipigia simu akilia. Jirani yake, mama kijana anayepanga chumba upande wa pili wa ukuta, alikuwa amemwambia kwamba akifika mwisho wa mwezi na harufu haijaisha, atakwenda kumwita afisa wa afya. Shangazi aliliona jambo hilo kuwa ni husuda. "Anataka kuku wangu wafe," aliniambia. "Yeye hana kuku, basi na mimi nisiwe nao."

Mimi nina diploma ya kilimo na mifugo niliyoipata zaidi ya miaka 20 iliyopita, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kunifanya daktari wa kila kitu chenye mbawa na kwato. Nikapanda gari moshi, nikaenda.

Nilichokikuta

Kabla sijaingia kwa shangazi nilipita kwa jirani kumsalimia. Alinikaribisha vizuri. Dirisha lake moja tu, lisilozidi upana wa sinia, lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa gunia. Nje ya dirisha hilo, umbali wa mkono mmoja, ndipo lilipo banda la kuku. Ndani palikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye pumu, na kifua chake nilikisikia kabla sijakaa. "Mimi sina ubaya na Mama," jirani aliniambia. "Mayai yake hata mimi nanunua. Lakini usiku nikifungua dirisha mtoto anakohoa, nikilifunga tunakosa hewa. Nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatoka nikaingia uani kwa shangazi, na hapo machozi yakanitoka, si ya huruma bali ya amonia.

Shangazi hakuwa mvivu. Alikuwa amejaribu mambo mengi. Kila asubuhi alimwaga jivu juu ya kinyesi. Mara mbili kwa wiki alilimwagia banda maji yenye dawa ya choo. Jioni alichoma udi na ubani karibu na mlango wa banda. Sasa ua ulinuka kuku, jivu, dawa na udi kwa pamoja. Na katika yote hayo, mawili yalikuwa yakiizidisha ile harufu aliyokuwa akipigana nayo.

Harufu inatoka wapi

Kuku hakojoi kama mbuzi au ng'ombe. Mkojo wake na choo chake hutoka pamoja. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wenyewe, nao umejaa asidi ya yuriki, ambayo ndani yake mna nitrojeni nyingi. Kinyesi kikikauka haraka, weupe ule hukaa kama chokaa ya ukutani na haunuki sana. Kikipata unyevu, bakteria huanza kuivunja asidi ile na kuigeuza amonia. Amonia ndiyo ile harufu kali inayochoma pua na macho.

Kwa hivyo adui wa kwanza ni maji. Chukua hesabu hii. Kuku mmoja mkubwa hutoa takriban gramu 120 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku 20 hutoa kilo 2.4 kwa siku, yaani kama kilo 72 kwa mwezi. Karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Hizo ni lita 54, zaidi ya mitungi miwili na nusu ya lita 20. Nilipomwambia shangazi kwamba kuku wake wanamwaga mitungi miwili na nusu ya maji bandani kila mwezi, alinyamaza. Lindi maji hununuliwa kwa mtungi, na yeye alikuwa akinunua mengine ya kuoshea banda, akiongeza maji juu ya maji.

Na jivu je? Jivu hukausha, hilo ni kweli. Lakini jivu na chokaa vina tabia ya magadi. Ukivimwaga juu ya kinyesi kibichi chenye unyevu, huisukuma amonia itoke hewani upesi zaidi. Ndiyo maana shangazi alikuwa akimwaga jivu asubuhi, na saa moja baadaye jirani anapiga kelele. Alidhani jirani ana chuki, kumbe jirani ana pua.

Jivu lina kazi yake. Liweke kwenye beseni pamoja na mchanga mkavu ili kuku waoge vumbi na kupunguza chawa na utitiri. Au litandaze kidogo kwenye sakafu tupu, iliyofagiwa ikakauka, kabla ya kuweka matandiko mapya. Lakini usilimwage juu ya kinyesi kibichi ukitumaini kuficha harufu.

Kuna harufu ya pili ambayo ni lazima uitofautishe na amonia. Ikiwa unasikia uvundo kama wa yai viza, basi kinyesi kimelowa na kushikamana mpaka hewa haipiti ndani yake, nacho kinaoza kwa chini. Au pengine si kuku hata kidogo. Lindi ina mitaro ya wazi, na mvua zikinyesha mitaro hufurika. Kabla hujamlaumu mfugaji, na kabla mfugaji hajajilaumu, fuata pua mpaka kwenye chanzo. Siku ile ya kwanza tuligundua kwamba sehemu ya uvundo ilitoka kwenye mtaro uliozibwa na mifuko ya plastiki nyuma ya ua. Tuliuzibua sote, jirani akiwemo. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa ni kuku, na hapakuwa na pa kujificha.

Dawa ya kwanza ni hesabu

Banda la shangazi lilikuwa futi 6 kwa futi 4, yaani futi za mraba 24. Kuku mkubwa anayeshinda ndani anahitaji angalau futi 2 za mraba. Gawanya mwenyewe: banda lile ni la kuku 12. Yeye alikuwa na 20, na hawezi kuwaachia nje kwa sababu wakitoka hawarudi, wezi wapo na mbwa wapo.

Banda likizidiwa, hakuna matandiko wala hewa itakayotosha. Kinyesi kinaingia haraka kuliko kinavyoweza kukauka. Hapa ndipo tulipogombana. Kumwambia mjane aondoe kuku wanane ni kumwambia apunguze chakula chake. Alinuna siku nzima. Jioni tukakaa na kalamu tukaandika mayai. Kuku 20 walikuwa wakimpa mayai tisa au kumi kwa siku, na wanne kati yao hawakuwa wakitaga kabisa. Kuku waliobanana huchokozana, hudonoana, na hula chakula kingi kwa mayai machache. Tukawachagua wanane, wale wazee na wale wasiotaga. Watano wakauzwa, watatu wakachinjwa, mmoja wao akapelekwa kwa jirani akiwa amekwisha kuungwa kwa nazi.

Baada ya mwezi mmoja, wale 12 waliobaki walikuwa wakitaga mayai saba au nane kwa siku, na gunia la chakula lilikuwa likimaliza siku nyingi zaidi. Pato lilipungua kidogo sana, na amani ikaongezeka.

Dawa ya pili ni matandiko

Sakafu ya banda ilikuwa udongo mtupu. Udongo ukishiba mkojo hauna la kufanya ila kuurudisha puani. Tulikwangua udongo wa juu, tukautoa, tukashindilia changarawe na udongo mkavu, kisha tukatandika maranda ya mbao unene wa inchi 4.

Maranda Nairobi si tabu. Kutoka Lindi ukipanda mpaka Barabara ya Ngong utawakuta mafundi wa samani kando ya barabara, wakiranda vitanda na makochi mchana kutwa. Tulipewa magunia mawili bure kwa sharti tuyabebe wenyewe. Chagua maranda makavu ya mbao ambazo hazijatiwa dawa ya mchwa wala rangi. Maranda ni bora kuliko unga laini wa mbao, kwa sababu unga hutimka vumbi, na vumbi ni adui wa mwenye pumu sawa na amonia. Muuza makaa naye ana vumbi la makaa chini ya magunia yake. Kiasi kidogo kikichanganywa na maranda husaidia kufyonza harufu.

Kazi ya matandiko ni mbili. Kwanza yanafyonza maji. Pili yanawapa wale bakteria kaboni ya kula pamoja na nitrojeni, ili wasiirushe ile nitrojeni hewani kama amonia. Lakini matandiko yasiyogeuzwa hugandamana na kuwa kama mkate. Yageuze kwa reki kila baada ya siku mbili, na mahali palipolowa paondoe siku hiyo hiyo.

Utajuaje kama matandiko yako yako sawa? Chukua konzi moja uikaze mkononi, kisha ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo kisha yakasambaratika, yako vizuri. Yakiwa vumbi tupu linalopeperuka, yamekauka mno, na kuku na watu watakohoa.

Kuna kipimo kingine ambacho ni bora zaidi. Chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe sawa na kichwa cha kuku. Mfugaji husimama mlangoni, akavuta pumzi mbili na kuondoka. Kuku hulala na pua zake inchi chache juu ya kinyesi. Ukichuchumaa na macho yakawasha, jua kwamba na yeye yanamwasha usiku kucha. Kuku anayevuta amonia macho humvimba, mafua hayamwishi, na mayai hupungua. Hivyo harufu inayomkera jirani inakula na mfuko wako.

Dawa ya tatu ni ubao wa usiku

Karibu nusu ya kinyesi cha kuku hutoka usiku akiwa amelala juu ya fito. Huu ni ukarimu ambao wafugaji wengi hawautumii. Weka ubao, au bati bapa, chini ya fito za kulalia. Nyunyiza maranda kidogo juu yake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, kwangua ubao ule uutie ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kwa kazi ya dakika tano umeshaondoa karibu nusu ya tatizo kabla jua halijapata moto.

Kazi hii ya kila asubuhi inawaondoa na nzi. Yai la nzi, kukiwa na joto, huweza kufika kuwa nzi kamili kwa siku kama saba hadi kumi. Kinyesi kibichi kinachokaa bandani wiki mbili kinazalisha kizazi kizima. Kinachoondolewa kila siku hakimpi nafasi.

Dawa ya nne ni chombo cha maji

Nusu ya umajimaji bandani kwa shangazi haukutoka kwa kuku. Ulitoka kwenye sufuria ya maji iliyowekwa chini, kuku wakaipanda, wakaipindua, wakaitia miguu. Tulinunua chombo cha kunyweshea chenye kuba, tukakiinua juu ya matofali mpaka usawa wa mgongo wa kuku, na chini yake tukaweka trei yenye changarawe. Maji yakimwagika, yanamwagikia changarawe na si maranda.

Angalia na chakula. Chumvi nyingi humfanya kuku anywe sana na kuharisha maji, kwa hivyo mabaki ya mchuzi na dagaa wa chumvi si karamu ya kuku. Protini iliyozidi mahitaji yake hutoka kama nitrojeni, na nitrojeni ile ndiyo harufu. Na ukiona choo cha maji kinaendelea, au kina damu, usitafute maranda. Tafuta daktari wa mifugo, kwa sababu matandiko yaliyolowa ndiyo makao ya ugonjwa wa kuharisha damu.

Dawa ya tano ni upepo

Julai Nairobi kuna baridi, na mfugaji huziba banda kwa magunia na plastiki akidhani anawasitiri kuku. Anachokifanya ni kuifungia amonia na mvuke ndani. Kuku ana manyoya, baridi kavu anaistahimili kuliko hewa chafu. Anachohitaji ni kutopigwa na upepo mwilini akiwa amelala. Kwa hivyo ziba chini, fungua juu. Acha nafasi ya shubiri moja chini ya paa, iwekee wavu, ili mvuke upande na kutoka.

Lakini utoke kuelekea wapi? Hapa ndipo haki ya jirani inapoingia. Banda la shangazi lilikuwa na nafasi upande mmoja tu, na ni upande wa dirisha la jirani. Tuliziba upande ule kwa mbao, tukafungua upande wa ua wake mwenyewe na upande wa juu kuelekea kichochoroni. Paa tukalirefusha futi moja ili mvua isiingie. Alinung'unika kwamba sasa harufu itamjia yeye. Nikamwambia, "Shangazi, kuku ni wa nani?" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilichokiona Kawangware

Siku mbili kabla ya kurudi, kijana mmoja rafiki wa familia alinichukua mpaka Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, akanionyeshe anavyofuga yeye. Huko nako nafasi ni ile ile, ploti moja na familia nyingi. Yeye hana ua kabisa. Ana kuku wa mayai katika vizimba vya waya alivyovipanga kwa ngazi kwenye ujia wa nyuma. Kinyesi hupita kwenye waya na kuangukia trei za bati. Trei huzikwangua asubuhi na jioni.

Vizimba vyake havikuwa na harufu ya kutisha, na sababu ni moja: kinyesi hakikutani na maji, na hakilali hapo siku mbili. Siwasifu vizimba vya waya kwa kila mtu. Kuku hapati kuparura wala kuoga vumbi, na waya mbaya humuumiza nyayo. Lakini kanuni aliyoitumia ni ile ile ya Lindi. Kausha, au ondoa. Ukishindwa yote mawili, utanuka, hata ufuge kwa namna gani.

Kinyesi kiende wapi

Kukitoa bandani na kukitupa mtaroni si kusafisha, ni kuhamisha. Mvua itakirudisha, au itakipeleka kwa mwingine. Kinyesi cha kuku ni mali. Tatizo lake ni kwamba kina nitrojeni nyingi kuliko kaboni, ndiyo maana kikilundikwa peke yake hunuka na kuunguza mimea.

Chukua pipa au gunia lililotobolewa matundu. Kwa kila ndoo moja ya kinyesi tia ndoo mbili za vitu vikavu: maranda, majani makavu, maganda ya mahindi au maboksi yaliyochanwa. Maliza kwa tabaka kavu juu, kila siku, kama unavyofunika chungu. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Geuza mara moja kwa wiki. Ukichomeka fimbo katikati na kuitoa ina joto, mambo yanakwenda. Ukisikia amonia, ongeza vitu vikavu. Ukisikia yai viza, geuza upate hewa. Baada ya miezi kama mitatu itakuwa mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Usiitie mbichi kwenye mboga, kwani kinyesi kibichi hubeba vijidudu kama salmonela.

Kibera soko la mbolea hii lipo mlangoni. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, bustani za magunia zilienea huko, watu wakipanda sukuma wiki na mchicha katika gunia la udongo mbele ya mlango. Jirani yetu mwenyewe anayo magunia mawili. Gunia la kwanza la mbolea ya shangazi lilikwenda kwake.

Sheria inasemaje

Wengine hudhani mjini kufuga ni haramu kisheria. Nairobi ina sheria ya kaunti ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini ya mwaka 2015, na jina lake lenyewe linaonyesha kwamba kilimo cha mjini kinatambuliwa. Lakini pia kuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo kifungu chake cha 115 kinakataza kero kwa afya, na kifungu cha 118 kinahesabu miongoni mwa kero jengo la kufugia wanyama au ndege linalokera au kuhatarisha afya kwa jinsi lilivyojengwa au linavyotunzwa. Hata kama una ruhusa ya kufuga, jirani bado ana haki ya kulalamika. Yule mama kijana hakuwa akitoa vitisho vya bure.

Na juu ya sheria za kaunti, sisi tuliolelewa kwenye misikiti ya Pwani tunajua mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya haki ya jirani, na kwamba jirani hasemwi kuwa ni Mwislamu au si Mwislamu katika haki hiyo. Mtu anayefunga Ramadhani na kumziba jirani pumzi ana jambo la kujiuliza.

Kwetu Pwani

Msomaji wa Kisauni, Likoni au Malindi asidhani haya ni ya Nairobi tu. Sisi tuna kazi ngumu zaidi, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na joto, vitu viwili ambavyo bakteria wanavipenda. Matandiko ya Pwani hayakauki upesi, basi yageuze kila siku, na banda liwe wazi zaidi juu. Lakini tuna neema zetu. Upepo wa bahari upo, ujue tu unavuma kutoka wapi msimu huu kabla hujachagua pa kujenga, maana kusi na kaskazi havimwonei huruma jirani mmoja. Pumba za mpunga zipo kwenye vinu, na makumbi ya nazi yaliyokaushwa na kuchanwachanwa hufyonza maji vizuri.

Nilimpigia shangazi simu wiki iliyopita. Harufu haijaisha kabisa, na asikudanganye mtu kwamba kuku watakosa harufu kabisa. Siku za mvua hurudi kidogo. Lakini gunia limeondolewa dirishani, na mtoto analala. Shangazi na jirani wamewekeana utaratibu. Mfugaji huzoea harufu ya banda lake mpaka haisikii tena, hivyo pua yake haifai kuwa kipimo. Kipimo ni pua ya jirani. Harufu ikimfikia, anagonga bati mara mbili. Shangazi akisikia, hauulizi moyo wake kama ni husuda. Anachukua reki.